Vijiko Vinne vya Bibi wa Mawese

Bibi wa Mawese alikuwa anadanganya katika mambo yote isipokuwa mafuta.

Ukimuuliza umri wake, leo ana sitini na tano, kesho ana themanini na mbili. Inategemea kama anataka kusifiwa au anataka kubebewa ndoo. Ukimkuta baada ya kula atakuambia hajatia kitu tumboni tangu jana, na huku vidole bado vina ugali. Kwenye karata ndiyo usiseme. Alikuwa anaficha karata chini ya paja, ndani ya mkono wa gauni, na siku moja hata kwenye kilemba. Hiyo ya kilemba ilidondoka alipoinama kuchukua maji. Akaitazama pale chini kama imeshuka kutoka mbinguni, akasema, "Makubwa haya."

Mimi nilikuwa naona zote. Sikusema hata siku moja. Nimecheza naye tangu nikiwa darasa la tano na sijawahi kushinda.

Lakini kwenye mafuta alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye mafuta hata mama yangu, ambaye haamini mtu sokoni na huhesabu nyanya mara mbili mbele ya mwenye nyanya, alikuwa anatoa kidumu chake bila kutazama.

Naandika haya nyuma ya daftari la Kemia kwa sababu huko hakuna anayefungua, na mimi mwenyewe kusema kweli sifungui sana. Naandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Darasani nikiulizwa, jibu huwa ninalo, ila likifika kooni linageuza linarudi. Walimu wameshazoea, wananiruka. Bibi wa Mawese peke yake ndiye aliyeona kuwa hilo ni jambo la maana. "Huyu mtoto hana mdomo," alikuwa anamwambia mama yangu mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayesifia mbuzi mnene. "Mtu asiye na mdomo ni sanduku. Unaweka kitu, unafunga."

Nyumba yetu ya mtaa wa Kasingirima na yake zimepakana ukuta. Meza yake ilikuwa soko la Ujiji, upande ule unaoanza kunuka dagaa. Alikuwa na madumu mawili ya njano chini, jiko dogo la mkaa la kuyeyushia mafuta asubuhi za baridi yanapoganda, na juu ya meza chupa mbili zilizofanana kama pacha. Moja ilikuwa tupu, au tuseme ilikuwa tupu kila baada ya dakika kumi, kwa sababu ndiyo aliyopimia. Ya pili ilikuwa na wiski.

Wiski, ndiyo. Haijafunguliwa. Kwenye meza ya bibi wa Kiislamu anayeswali swala tano na kufunga hadi Jumatatu na Alhamisi.

Utaratibu wa kununua kwake ulikuwa hivi. Anajaza chupa tupu mafuta, anaisimamisha ubavuni mwa ile yenye wiski, bega kwa bega. Mnunuzi anainama, anafumba jicho moja, anatazama kama mstari wa mafuta umelingana na mstari wa wiski. Ikilingana anasema, "Sawa." Usiposema sawa hakuuzii. Hata watoto waliotumwa walikuwa wanafumba jicho na kusema sawa, hata wale wasiofika mezani, wananyanyuliwa. Ndipo anamimina kwenye kidumu chako, anaikung'uta chupa, anasubiri mpaka tone la mwisho likate shauri.

Wengine pale sokoni wana chupa za plastiki, na kuna ambao wanazipasha moto kitako kikaingia ndani kama kitovu. Unanunua chupa, nusu ni kitako. Basi wakigombana na wateja, mtu akitaka kuapa alikuwa anasema, "Haki ya chupa ya Bibi!" na ugomvi unapoa.

Alikuwa na misemo yake. Saa saba mchana hapimi mpaka ameitia chupa kwenye beseni la maji, kwa sababu "mafuta ya saa saba yamevimba, nitakuuzia jua." Akinunua dumu jipya anajipaka tone kiganjani, anasugua, ananusa, anafumba macho, kisha anamwambia mwenye dumu jina la kijiji yalikokamuliwa. Mara nyingi alikuwa anapatia. Akikosea anasema mwenye mafuta ndiye hajui kwao.

Na nyongeza hakuwa anatoa. Hili ndilo lililomfanya ajulikane hadi mtaa wa Gungu. Muuzaji yeyote wa mawese ukishapimiwa anakutilia kidogo juu, hiyo ni desturi, usipotiliwa unanuna. Bibi hata umlilie. "Kipimo kikiwa cha haki, nyongeza ni ya nini?" Ukiendelea kumsumbua anaongeza: "Anayekupa nyongeza ameshakupunja. Anakurudishia chako na wewe unasema ahsante."

Jirani yake wa meza, mama mmoja aliyezaliwa Burundi akakulia hapa hapa, alikuwa anatoa nyongeza kwa kila mtu na maneno hayo yalikuwa yanampata moja kwa moja kifuani.

"Unanisema mimi, Bibi?"

"Nimetaja jina?"

"Tuko wawili tu hapa!"

"Basi mmoja wetu amejijua."

Halafu wanakula pamoja mihogo ya kuchemsha, sahani moja, kila mchana. Sikuwahi kuwaelewa watu wazima.

Ile chupa aliipata kwa marehemu mume wake, aliyekuwa mhudumu wa mezani kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa kule juu kunakotazama ziwa. Kulikuwa na mgeni Mzungu aliyekaa miezi mingi akichunguza samaki. Alipoondoka akampa zawadi. Bibi alikuwa anaisimulia kila mara tofauti. Mara Mzungu ni Mjerumani, mara ni Mgiriki, mara alikuwa analia, mara ni mume wake aliyelia. Ila mambo matatu hayakubadilika: ilikuwa zawadi, ilikuja imefungwa, na mume wake hakugusa kizibo chake mpaka anaingia kaburini.

"Sasa fikiria," alikuwa anasema. "Kuinywa hawezi. Kuiuza hawezi, dhambi ni ile ile. Kumpa mtu, ni kumpa dhambi. Kuitupa ziwani, zawadi haitupwi. Nikamwambia, baba, kitu kikishaingia ndani ya nyumba yangu lazima kifanye kazi." Akaipa kazi. Mume akatafuta kule kazini chupa tupu ya aina ile ile, na biashara ikaanza.

Siku moja mzee mmoja aliyetoka msikitini alisimama mbele ya meza akatikisa kichwa. "Bibi, pombe hiyo."

"Mimi sina pombe, nina kipimo," akajibu. "Na siishiki kwa mkono mtupu, tazama." Kweli alikuwa anaishika kwa kitambaa cheupe, siku zote, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Mzee akainama, akafumba jicho, akasema sawa, akaondoka na chupa mbili za mafuta.

Basi ndivyo alivyokuwa. Ningeishia hapa kama si Kaka wa Bodaboda.

Huyu ni mjukuu wa dada yake, anaendesha pikipiki Gungu, na kila wiki anakuja na jambo jipya kutoka kwenye simu. Mara tufuge konokono, mara tupande uyoga. Siku moja alikuja mbio, hata kofia ngumu hajavua.

"Shikamoo Bibi. Bibi, wewe ni tajiri."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa! Chupa! Nimeona chupa ya wiski ya zamani imeuzwa bei ya nyumba. Nyumba, Bibi! Ya vigae!"

"Ikauzwa na nani?"

"Wazungu huko."

"Wao wanauza. Mimi napimia."

Kaka akazunguka meza mara mbili, akapiga picha, akaomba, akatoa hesabu ya bajaji tatu. Bibi hakutikisika. Lakini jioni nilipokwenda kumchotea maji aliniita ndani. Chupa ilikuwa kitandani, imelazwa juu ya kitambaa chake.

"Siiuzi," akaniambia. "Huyo kijana asikudanganye. Ila nataka kujua ina miaka mingapi. Na thamani yake pia, nijue ninalala na nani. Wewe unasoma Kiingereza. Tafuta. Na ukijua, uniambie mimi tu. Nimekuchagua kwa sababu huna mdomo."

Nilikubali kwa kichwa, kama kawaida yangu.

Kutafuta umri wa chupa ni kazi nzuri kuliko nilivyodhani. Nilitumia simu ya mama kila Jumamosi. Nilijifunza kwamba chupa ina dalili zake kama ng'ombe alivyo na meno. Unatazama karatasi yake, aina ya kizibo, namba zilizochorwa kwenye kioo cha kitako, kama ina zile alama za mistari za kusomwa na mashine dukani au haina. Unatazama ujazo. Ya Bibi iliandikwa sentilita sabini na tano, na siku hizi huko kwao za namna hiyo ni sabini. Nikampata mzee mmoja wa mbali anayejibu maswali ya watu bure, kwa kupenda chupa tu. Nikamwandikia barua ya mistari saba iliyonichukua jioni mbili. Kwenye maandishi mimi si mwoga, ndiyo maana nikathubutu.

Akajibu kwa upole. Akataka picha ya kitako, ya kizibo, na ya mstari wa kinywaji ulipofikia. Nikampelekea.

Jibu lilikuja Ijumaa. Chupa ina miaka arobaini na kitu. Si ya ajabu, ziliuzwa maelfu. Bei aliyoitaja, nikiibadilisha kwa pesa yetu, ilikuwa ya mbuzi mmoja, tena awe hajashiba. Nikacheka peke yangu nikimfikiria Kaka wa Bodaboda na bajaji zake. Halafu nikasoma sehemu ya mwisho, ambapo alieleza kwa nini bei iko chini.

Alisema mstari umeshuka. Chupa kama hii ikitoka kiwandani kinywaji huwa kimefika shingoni, na katika picha yangu kiko begani. Akasema nisimshuku mtu. Kizibo hata kikiwa kizima hakizibi kabisa, kinywaji hupumua kikatoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hasa nchi za joto.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaiona kichwani ile meza: chupa mbili bega kwa bega, na watu wote wa Ujiji wamefumba jicho moja.

Sikutaka kuamini. Jumatatu nikamwendea mwalimu wa maabara. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka kuniona.

"Sema."

"Silinda ya kupimia, mwalimu."

"Ya nini?"

"Mafuta."

Akanitazama, akaitoa. "Ukiivunja utailipa."

Siku hiyo mama alinituma chupa moja ya mawese. Nilifumba jicho, nikasema sawa. Nyumbani nikamimina kidumu chote kwenye silinda, kwa mafungu, na nilichokwangua kwa kidole nikakitia humo humo. Mililita mia sita na tisini. Kesho yake Bibi alipokwenda kuswali adhuhuri nikapima kwa maji kwenye chupa yake tupu, hadi pale anapojazia. Mia sita na tisini. Zilitakiwa mia saba hamsini. Sitini zilikuwa zimepotea. Nikachukua kijiko cha chakula nikahesabu: vijiko vinne.

Bibi asiyetoa nyongeza alikuwa anapunja vijiko vinne kila chupa, na hajui.

Kwa siku tisa baada ya hapo nilimwambia bado hawajajibu. Niseme ukweli, nilifikiria kusema uongo moja kwa moja, nimpe umri na bei ya mbuzi, basi. Nani angejua? Yule mzee wa mbali hajui mawese ni nini. Lakini kila nikipita sokoni mtu anainama, anafumba jicho, anasema sawa, na Bibi anakaa pale mgongo umenyooka kama kadhi. Nilianza kupitia njia ya nyuma. Mama akaniuliza kama ninaumwa.

Siku ya tisa Bibi akaniita tucheze karata. Tukakaa uani kwake juu ya mkeka, jua linateremka upande wa Kongo. Akagawa. Nikaona moja imekwenda chini ya paja. Nikacheza yangu.

"Unanikimbia," akasema bila kuinua macho.

Nikatikisa kichwa.

"Mimi nimezaa sita. Mtoto aliyevunja chungu namjua anavyotembea. Wamejibu?"

"Wamejibu."

"Ina miaka mingapi?"

"Arobaini na kitu."

"Kumbe kijana. Na thamani?"

"Mbuzi."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mbuzi! Na yule alinitajia vigae!" Kisha akaona mimi sicheki. Akanisubiri. Watu hawajui kusubiri mtu kama mimi, wanakujazia maneno. Yeye alisubiri kama anavyosubiri tone la mwisho.

"Bibi, chupa imepungua."

"Nani kaifungua?"

"Hakuna. Inapungua yenyewe. Inatokea kwenye kizibo. Kidogo kidogo, kila mwaka."

"Imefungwa, na inapungua?"

"Ndiyo, Bibi."

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya siku tisa, na mchoro kwenye daftari. Hayakuhitajika. Nilimwona anafika mwenyewe. Macho yake yalitoka kwenye karata yakaenda kwenye mlango wa chumba, kule chupa ilikolala.

"Na mimi namimina kwa kuifuata yenyewe," akasema.

Akalaza karata zake mkekani.

"Kiasi gani?"

"Vijiko vinne. Vya chakula. Lakini ni sasa, Bibi, zamani ilikuwa pungufu ya hapo, na mwanzoni haikuwa hata kidogo..."

"Usinipimie wewe. Lete kijiko."

Nikaleta kijiko, bakuli na kidumu cha mafuta. Akamimina mwenyewe, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Akaliinamia lile bakuli. Mafuta yalikuwa mekundu, yametulia, hayafiki hata robo.

"Haya yanatosha mboga ya mtu mmoja," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Mtu mmoja, kila chupa."

Halafu kwa sauti yake ya kawaida kabisa: "Miaka yote hii nalala nyumba moja na mlevi, na sijasikia hata harufu."

Nilicheka, ikanitoka tu. Naye akacheka, lakini alinyanyuka kabla kicheko hakijaisha, akaingia ndani. Alipopiga hatua karata mbili zikadondoka kutoka kwenye mkono wa gauni. Hakuziona.

Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Haijawahi kutokea, hata siku ya mvua ile iliyobeba banda la samaki. Jirani yake wa meza alishika kichwa, akaapa kwa Kirundi. "Yampayinka! Bibi kafa!" Nikamwambia hajafa. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumsemesha. Alinitazama kama meza ndiyo imeongea.

Siku ya pili Bibi akatokea, na kijiko kimefungwa kamba kiunoni.

Akanitaka niende na ile silinda. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa. Akaniambia nipime mbele yao. Maji ya kwanza yakachora ramani kwenye sketi yangu. Nikapima, nikamimina, nikapima, nikamimina, mpaka chupa tupu ikajaa inavyotakiwa, na maji yakasimama juu kabisa shingoni. Akaniuliza kwa sauti kubwa, kama hajui, "Ngapi?"

Nikasema chinichini.

"Watu wa dagaa hawajasikia!"

"Mia saba hamsini!"

Akafunga uzi mwekundu pale maji yalipofika. Kisha akaishika ile yenye wiski, kwa kitambaa chake, akaigeuza ikatazama ukuta. Akawatazama watu.

"Hii ilikuwa inapungua na mimi nilikuwa napungua nayo. Nimewapunja. Sikujua, lakini nimewapunja. Kila atakayekuja atapata chupa hadi kwenye uzi, na juu yake vijiko vinne vya madeni. Mpaka nife."

Kosa lake likawa hilo neno la mwisho. Watu hawakusikia kupunjwa hata kidogo. Walichosikia ni kwamba Bibi wa Mawese anatoa nyongeza, na ametaja kifo. Kufika adhuhuri habari ilikuwa Gungu kwamba Bibi anaaga.

"Bibi, kama nimekukosea unisamehe," alisema mama mmoja muuza chumvi, machozi tayari.

"Mimi ndiye niliyekukosea! Lete kidumu!"

"Kwangu hujakosa kitu, mama yangu."

"Nimekupunja wewe! Pokea!"

Wakavutana kidumu. Mzee yule wa msikitini akakataa katakata vijiko vyake, akasema amemsamehe mbele ya Mwenyezi Mungu, na Bibi akamwambia asamehe nusu, nusu achukue. Kaka wa Bodaboda alikuja na chupa ya uji na shangazi wawili nyuma ya pikipiki. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia tangu kule mtaa wa Mwanga.

"Sifi!" Bibi alipiga kelele, kijiko mkononi. "Nalipa! Nyie hamjawahi kuona mtu analipa?"

Jirani yake wa meza aliketi, akawatazama wote, kisha akamwambia taratibu, "Kwa hiyo, Bibi. Siku hizi unatoa nyongeza."

Bibi alivuta sahani. Akamkatia nusu ya mhogo wake, iliyo kubwa.

Mwaka jana mwishoni magoti yalimshinda, akachukuliwa na binti yake anayeishi kijiji cha Ilagala. Chupa yenye uzi alimwachia jirani yake wa meza, na kijiko pia. Ile ya wiski akaondoka nayo. Likizo hii mama alikwenda Ilagala kutafuta migebuka, samaki wa kukausha, nikamwomba tufuatane. Niliomba kwa mdomo. Mama alidhani amesikia vibaya.

Tulimkuta barazani, mgongo bado umenyooka, miguu imenyooshwa mbele kama si yake. Nikampa shikamoo. Akaitikia kwa kirefu, akanishika mkono hakuuachia. Binti yake akatoka ndani anajifuta mikono.

"Huyu nani, mama?"

Nilisubiri aseme ni yule mtoto wa jirani asiye na mdomo. Nilikuwa nimeshainamisha macho.

"Huyu ndiye aliyeniambia," akasema Bibi.

Binti akanitazama upya, akanisalimia kama mtu mzima, akaenda kuinjika chai.

Chupa ilikuwa chumbani, ndani ya kanga. Bibi aliagiza iletwe, akaikunjua kanga akanionyesha. Ameifunga nyuzi mbili, mmoja pale kinywaji kilipokuwa alipoondoka nayo Ujiji, mwingine wa mwezi huu. Baina ya nyuzi hizo huoni kitu kwa macho, lakini yeye alisema anaona. "Kanywa tena," akasema. "Mume wangu alikuwa anajua kuchagua rafiki." Akaniuliza kuhusu uzi mwekundu kule sokoni. Nikamwambia uko palepale. Akaniuliza kama vijiko bado vinatolewa. Vinatolewa, nikamwambia, na watu bado wanafumba jicho ingawa uzi unaonekana hata kwa aliyelala.

"Vizuri," akasema. "Lete karata."

Akagawa pale barazani, juu ya mkeka. Mama alikuwa ufukweni akigombania bei, nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa na karata nzuri, nzuri kuliko zozote nilizowahi kupata kwake, na ndipo nikaona kiganja chake kinashuka polepole, kinakuna goti ambalo haliwashi, kinapita chini ya paja.

"Bibi," nikasema. "Nimeiona."

"Umeona nini?"

"Karata. Chini ya paja la kushoto."

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikamjia kutoka chini kabisa, akapiga mkeka kwa kiganja mpaka binti yake akachungulia mlangoni.

"Toka lini unaziona?"

"Tangu darasa la tano."

"Zote?"

"Hata ya kilemba."

Akaingiza mkono, akaitoa, akaiweka katikati ya mkeka. Ilikuwa nne ya kopa. Kwenye mchezo ule haifai kitu.